Salamu ya Njia ya Reli

Zamani, kabla wakimbiaji wa asubuhi na waendesha baiskeli hawajaijua, njia hii ya Ndolwa ilikuwa ya gari moshi peke yake. Lilipita na ukungu wa alfajiri, na hakuna aliyejua moshi unaishia wapi na ukungu unaanzia wapi.

Mwadime alikuwa mtia makaa katika gari hilo. Mkewe, Mkawasi, aliipalilia reli kama shamba la mahindi, maana aliamini magugu ndiyo yanayomchelewesha mume. Siku moja gari moshi lilikwenda pwani lisirudi, na Mwadime hakurudi. Majirani walimwambia subira yavuta heri, kisha wakajiziba midomo kwa khanga wakacheka. Mkawasi akaendelea kupalilia.

Kisha wakaja watu wenye nyundo wakaing'oa reli yenyewe, wakaipakia kwenye malori. Mkawasi alilia siku hiyo, alilia sana, tena hadharani. Wakesho, binti yake, alidhani sasa jembe litapumzika. Kesho yake akamkuta mama ameinama palepale.

"Mama, gari litapita juu ya nini?"

"Halipiti tena. Sasa baba yako atakuja kwa miguu, na miiba ya huku naijua."

Basi njia ikawa nyeupe na tambarare. Wachota maji waliifuata, wakaja wachunga mbuzi, zikaja baiskeli. Macho ya Mkawasi yalikuwa yameanza kuingia kiwi, kwa hiyo yeye alimuuliza kila aliyetokeza, "Umefika, Baba Wakesho?" Watu waliharakisha kupita, wameona haya. Wakesho ndiye aliyeumia zaidi. Asubuhi moja mama alipomuuliza mgeni mwenye baiskeli, Wakesho alimshika mama bega.

"Mama, huyo si baba."

"Najua si yeye, mwanangu. Lakini na huyu yuko anayemngoja."

Mgeni alisikia. Akashuka, akaushika ule mkono wenye sugu, akasema, "Nimefika, mama." Mkawasi akacheka kama msichana. Akaliweka jembe chini, akaketi kando ya njia, na jua likamkuta hapo bado anatabasamu.

Na tangu siku hiyo, wawili wakikutana katika njia ile, hata kama hawajuani, mmoja humuuliza mwenzake, "Umefika?" Naye, hata kama kwao bado ni mbali, hujibu, "Nimefika."