Kabichi ya Mzee Ofilio

Tulisimuliwa na waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Rumi, zama za masanamu, aliishi mzee mmoja akiitwa Ofilio. Alikuwa mkubwa katika baraza la wazee, tena mwandishi, na kazi aliyopewa ni kulinda mila za mababu. Kila miaka mitano alisimama barazani akasoma majina ya wazee, moja moja. Aliyeharibu mila, jina lake lilirukwa, naye akaondoka kitini wenzake wakimtazama.

Mzee yule hakuwa dhalimu wa kusudi. Alilala juu ya ngozi, akala walichokula watumwa wake, na jembe alilishika mwenyewe. Lakini kitu kigeni kilimwasha kama upupu, na kilichomwasha kuliko vyote ni tabibu wa Kiyunani. Dawa yake yeye ilikuwa kabichi. Tumbo likiuma, kabichi kwa siki. Mguu ukiteguka, kabichi ya kupondwa. Usingizi ukikosekana, basi unywe maji yake. Aliandika kitabu kizima cha mambo ya shamba na nyumba, na humo kabichi ilipata maneno mengi kuliko ng'ombe. Tena nyumbani kwake aliweka amri: atakayeingiza dawa ya Myunani atapelekwa machimbo ya mawe. Waliopelekwa huko hawakurudi.

Katika nyumba hiyo alikuwemo mjakazi mtu mzima, Salomi, aliyetekwa kutoka Sham. Alimwabudu Mola mmoja, kimyakimya, na kazi yake ilikuwa jikoni.

Ikawa Bibi Vestia, mke wa Ofilio, kashikwa na homa. Siku ya nne hakumtambua hata mumewe. Ofilio akawa anamlisha kabichi kwa mkono wake, maana alimpenda mkewe, hilo tumpe haki yake. Salomi akaona bibi yake anakwisha. Akabeba kapu kama aendaye sokoni, akaenda kwa tabibu Myunani aliyekaa nyuma ya soko, akapewa magome machungu. Akayachemsha, akayatia ndani ya mchuzi wa kabichi. Siku ya tatu bibi akaketi, akaomba mkate.

Ofilio alifurahi mno. Akachukua kalamu, akaandika kitabuni kwamba kabichi imemponya mkewe, kisha akaenda kuyasoma maneno hayo barazani, na wazee wakampigia makofi. Salomi akanyamaza.

Siku saba baadaye akaja mlangoni mtu aitwaye Karsio. Huyu naye alikuwa mzee wa baraza, lakini Ofilio aliliruka jina lake, kosa lake kumweka tabibu yule Myunani nyumbani kwake. Kwa aibu Karsio akamtoa tabibu, akajifungia ndani. Sasa binti yake wa pekee ameshikwa na homa ileile.

"Mzee Ofilio," akasema, "uliniondoa kitini, nikaondoka. Ukataka nimtoe tabibu, nikamtoa. Sasa nipe hiyo kabichi yako. Mwanangu anakufa."

Ofilio hakumcheka. Alimwita Salomi, akamwambia achume kabichi nzuri kuliko zote, aipike kama alivyompikia bibi.

Salomi akasimama na kisu mkononi. Magome yalikwisha. Kabichi peke yake ingemshibisha yule mtoto, isingemponya. Moyo ulimshauri amnong'oneze Karsio langoni, yaishe. Lakini Karsio angemsadiki nani, mjakazi wa jikoni au kitabu kilichopigiwa makofi na mji mzima? Tena baada ya Karsio angekuja mwingine, na mwingine. Akafikiria machimbo, na wale wasiorudi. Akamwomba Mola wake ampe ulimi.

"Bwana wangu, si kabichi iliyomponya bibi. Nilitia dawa ya Myunani ndani yake. Hakunituma mtu."

Maji jikoni yakafurika, hakuna aliyekwenda kuepua. Ofilio akasema taratibu, "Siku zote hizi ulinisikia nikijisifu. Kwa nini useme leo?"

"Uongo ule ulipokuwa unakupa sifa, bwana wangu, nilinyamaza, na kwa hilo namwomba Mola anisamehe. Leo unataka kuua mtoto wa mtu."

Mzee akamgeukia Karsio. "Unangoja nini hapa? Kimbia kwa Myunani wako."

Binti akapona, alhamdulillahi. Na Ofilio, asubuhi baraza lilipokutana, akasimama akawaambia wazee kwamba maneno waliyoyapigia makofi hayakuwa kweli. Akasoma jina la Karsio kwa sauti mahali pake pa zamani, bila kungoja miaka mitano itimie. Mzee mmoja akauliza kwa kejeli kama mjakazi keshatumwa machimboni. Ofilio akajibu, "Amri niliiweka mimi na nimeifuta mimi. Ukitaka mtu wa kuchimba mawe, nipeleke mimi niliyewadanganya."

Aliporudi nyumbani alichukua kitabu, akakwangua yale maneno, akaandika mengine. Kisha akamwita Salomi, asiyejua kusoma, akamsomea: kwamba kabichi ni chakula chema, ila mkewe hakuponywa nayo, aliponywa na Salomi kwa dawa ya mgeni. Akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

"Hapana, bwana wangu. Mimi nilichemsha maji tu. Aliyeponya ni Mola. Futa jina langu hapo."

Ofilio alikuwa mtu ambaye hata wazee wenzake hawakuthubutu kumsahihisha herufi. Akainama, akakwangua tena.

Basi wanangu, yule mzee masanamu yake hakuyaacha, na kabichi aliendelea kuila hadi kufa kwake. Lakini aliambiwa kweli na mtu wa chini kabisa nyumbani mwake, akaikubali mbele ya wakubwa. Na Salomi aliisema akiwa anaogopa machimbo. Tusingoje woga utoke ndipo tuseme kweli, maana hautoki. Mola atujaalie ulimi kama wake.