Ngano Iliyokufa Imesimama

Mwoga wa upepo huvuna mabua. Methali hii mmeisikia leo shambani, mkauliza ilitoka wapi. Sikilizeni ilivyozaliwa.

Katika nyanda za Hanang aliishi mkulima wa ngano, Tluway. Mwaka mmoja ngano yake ilirefuka mpaka kifuani, upepo ukailaza yote, ikaozea chini. Kaka yake Gwandu, msimamizi wa ardhi ya ukoo, akamwambia mbele ya watu, "Ikilala tena, shamba nampa mwingine."

Mwaka uliofuata Tluway akatafuta dawa ya kufupisha mabua. Bwana shamba alimpasulia bua, akamwonyesha vifundo viwili. "Puliza sasa, mara moja tu. Suke likishapanda ndani ya bua, usiguse, litakwama humo."

Akapuliza. Mabua yakanenepa, yakabaki mafupi. Lakini hofu haikumtoka. Kila upepo ulipovuma alisimama ukingoni mwa shamba. Aliyapima mabua kwa fimbo asubuhi na jioni, na kila mara aliyaona kama yamerefuka.

Siku moja mawingu meusi yakashuka kutoka mlimani. Tluway akajaza bomba la dawa.

"Baba Bura, wapi tena na bomba?" akauliza mkewe, Paskalina.

"Naongeza dawa."

"Ngano ina mimba. Shika hapa, suke limeshapanda, linanigusa kidole."

"Ikilala, wewe na kidole chako mtalala wapi?"

"Ikilala na punje zake tutainama tuikate. Ukiiua imesimama, tutakata nini?"

Akalivaa bomba mgongoni. Akapuliza shamba zima.

Upepo ulivuma siku mbili. Ngano ya majirani ikalala nusu. Ya Tluway ilisimama wima, ila masuke yalikwama ndani ya majani, mengine yakachungulia meupe.

Wakati wa mavuno Gwandu alikuja. Alichuma suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza makapi. Kiganja kikabaki kitupu. Akachuma la pili, kikabaki kitupu. La tatu akampa mdogo wake.

"Fikicha wewe."

Tluway alilishika tu, asithubutu.

Ng'ambo ya mpaka wa shamba, majirani waliinama wakikata ngano yao iliyolala, magunia yakijaa.

"Nilisema ikilala," Gwandu akasema taratibu. "Haikulala. Shamba ni lako. Lakini watoto utawapikia nini, Tluway? Mwoga wa upepo huvuna mabua."