Kiwanja cha Bi Mwanamize

Zamani hizi hizi za mihuri na risiti, Bi Mwanamize alitaka kuuza nyumba yake anunue ng'ombe.

"Ada ya kiwanja elfu kumi, ya nyumba themanini," alisema Wakili Tsuma.

"Ng'ombe mzima huyo, mwanangu! Kwani nyumba ni nini kisheria?"

"Kuta na paa, bibi. Nitakuja kukagua mwenyewe."

Jumamosi Wakili alikuta kuta tupu, mbuzi wakicheua sebuleni.

"Kiwanja tu hiki," alibeza. Akaandika hivyo, akagonga mhuri, akapokea elfu kumi yake. Mara mvua ikamwagika.

"Nijisitiri wapi, bibi?"

"Vuta subira, Wakili. Nyumba yaja."

Uchochoroni walitokea wanaume sita wamejitwika paa la makuti, na aliyetangulia alikuwa mnunuzi.