Mkeka Uliorudishwa Nyumbani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!"

"Pakawa!"

Basi sogeeni. Mtoto apakatwe, mkubwa anyamaze.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisafiri na mahema, mvua ilikataa nyikani. Ikakataa mwaka ule, ikakataa na mwaka uliofuata. Visima vikakauka. Majani yakawa vumbi. Maji yalibaki upande wa pili wa Uwanda wa Upepo, juu kule, mahali ambapo hata mawe huona baridi.

Wanyama wakapanga msafara. Kirangozi wao, yule atanguliaye njiani, alikuwa Ngiri. Ngiri alikuwa na sauti mbaya na moyo mzuri. Sheria yake ilikuwa moja: kila mwenye hema abebe chake.

Katika msafara ule walikuwamo Digidigi na mkewe. Digidigi ni mnyama mdogo, miguu kama vijiti. Na digidigi huoa mara moja tu. Dume akitembea, jike yuko nyuma yake. Jike akisimama, dume amesimama. Ndivyo walivyo mpaka leo.

Wakafunga mizigo. Hema la ngozi. Nguzo. Kamba. Vigingi. Kibuyu cha maji. Mkeka mnene wa kulalia, aliousuka mke kwa ukindu, tabaka juu ya tabaka. Na pazia jekundu la kutundika mlangoni mwa hema, ili mgeni akija ajue amefika kwa wenye heshima zao.

Siku ile hawakwenda mbali. Ni desturi ya misafara tangu enzi: kambi ya kwanza hupigwa karibu, vichaka vya nyumbani vikionekana. Wasafiri hujenga mahema, hulala, na asubuhi aliyesahau kitu hupaza sauti. Wenzake humjibu, naye hurudi kukichukua. Baada ya hapo hakuna kurudi tena.

Kulipokucha, Nungunungu akapaza sauti. "Nimesahau!"

"Rudi!" wakaitikia wote.

"Nimesahau nyundo ya vigingi!"

"Rudi, kichwa maji!"

Kobe naye akatoa shingo. "Nimesahau!"

"Wewe umesahau nini, na nyumba umeibeba?"

"Nimesahau nilichosahau!"

"Rudi ukakumbuke!"

Wakacheka, kwa kwa kwa, maana bado walikuwa na nguvu za kucheka.

Digidigi hakuwa amesahau kitu. Akauzunguka mzigo wake, akaona fahari. Kisha akaona uzito. Mgongo ulikuwa umemchubuka kwa mwendo wa siku moja tu. Akajiuliza, usiku huu tumetumia nini, na nini hatukukitumia? Hema walilitumia. Kamba walizitumia. Mkeka? Mchanga ulikuwa na joto kama mwili wa mtu. Yeye mwenyewe alibingirika nje ya mkeka akalala vizuri kuliko siku zote.

Akaukunja mkeka.

"Unaupeleka wapi?" mkewe akamwuliza.

"Nyumbani. Hatuna kazi nao."

"Mume wangu, mgongo wangu haupatani na ardhi."

"Ardhi hii? Si umelala kama mtoto?"

"Ardhi hii, ndiyo. Ya huko juu sijaionja. Kama ni kupunguza, acha pazia. Litatufunika nini, aibu?"

"Pazia ni jepesi. Na tukifika huko tutaonekana tumetoka wapi, kama hatuna hata pazia?"

Mkewe akamtazama. Akauona mgongo uliochubuka. Huruma kwa mumewe ikamfunga mdomo.

Digidigi akashika njia ya nyumbani. Ngiri akamwona. "Wee Digidigi! Unarudi kuchukua nini?"

"Sirudi kuchukua. Narudi kuweka."

Kambi nzima ikaangua kicheko. Ngiri hakucheka. "Kambi ya kwanza ni ya kuongeza, bwana. Haijawahi kuwa ya kupunguza."

"Nimelala, nimeona," akasema Digidigi. "Kisichotumika ni mzigo."

Akaenda, akauweka. Akarudi mwepesi, anarukaruka.

Wakasafiri. Wakapanda, wakapanda, miti ikawa mifupi, kisha miti ikaisha. Wakafika Uwanda wa Upepo jioni. Wakapiga kambi. Digidigi akalisimamisha hema, akakaza kamba, akagonga vigingi. Akalitundika pazia. Upepo ukaja, vuuu, vuuu. Hema likapiga kelele, tatata, tatata, lakini halikuyumba. Digidigi akaona kazi yake ni njema.

Kisha wakalala.

Baridi haikutoka kwenye upepo. Ilitoka chini. Ilipanda polepole, bila sauti, ikaingia kwenye ubavu, ikaingia kwenye mfupa. Wakalishusha pazia wakalitandika. Lilikuwa jembamba kama ganda la kitunguu. Digidigi akalala chini, akamwambia mkewe alale juu yake. Akalala. Baridi ikapita kwa Digidigi ikamfikia yeye.

"Nenda kwa Nungunungu," mkewe akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Ana mkeka mpana. Mwombe kipande."

"Watanicheka. Si ulisikia walivyonicheka?"

"Nilisikia."

"Kutakucha sasa hivi."

Mkewe hakuomba tena. Digidigi akamsugua miguu, akamsugua masikio. Alijua yampasa aende. Kila alipotaka kuinuka, alikisikia kile kicheko. Akangoja. Meno ya mkewe yakaacha kugongana, mumewe akadhani amepata joto.

"Mke wangu?"

"Nataka kulala tu," akasema, kwa sauti nzito.

Hapo Digidigi akatoka mbio. "Jirani! Jirani! Nisaidie mkeka!"

Nungunungu hakucheka. Hakuuliza. Aliwaondoa watoto wake juu ya mkeka, akautafuna katikati kwa meno, kwachu, kwachu, akambebea nusu mpaka hemani. Wakamwinua mama yule, wakamtandikia, wakamlaza.

"Shemeji," akaita Nungunungu. "Shemeji, umefika mkekani."

Hakuitika. Jua lilipochomoza alikuwa ameshakwenda.

"Ungesema mapema, jirani," Nungunungu akasema kwa upole, na upole ule ulimchoma Digidigi kuliko kicheko chote.

Huko juu ardhi haichimbiki. Wakamfunika kwa mawe, kila mmoja jiwe lake. Kobe akafika wa mwisho na lake. Kisha Ngiri akasema neno alilopaswa kusema: "Maji yako mbele. Fungeni mizigo."

Digidigi akang'oa vigingi. Akafungua kamba. Akashika pembe ya hema ili alikunje, na pembe ya pili ikabaki chini. Akaenda kuishika, ile ya kwanza ikapeperuka. Akarudi. Akaenda. Hema hukunjwa na wawili, na hakuwahi kulikunja peke yake.

Nungunungu akatua mzigo wake. Akaishika pembe ile kwa mdomo, akasimama mbali kidogo ili miiba yake isitoboe ngozi. Wakakunja.

Ngano hii yatufunza hivi: usichague vitu vya safari kwa kupima usiku mwema, vichague kwa usiku mbaya ambao hujauona. Na ukikosea, omba mapema, wakucheke. Kicheko hakiui.

Nami hadithi yangu naitua hapa. Anayeweza kuibeba, aibebe.