Chungu cha Mvua na Makonzi Arobaini

Paukwa!

Pakawa!

Ah-ah. Sauti gani hiyo? Mmeitikia kama watu walionyimwa ukoko. Nasema, paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Na wewe mwenye muhogo, tafuna polepole, leo nataka masikio yote.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alisimuliwa na bibi yake, palikuwa na kijiji cha nyumba arobaini. Na katika kijiji hicho alikuwako bibi mmoja akiitwa Bibi Mwanamvua. Hakuwa mganga. Hakuwa mtabiri. Ng'ombe hakuwa naye, na mume alishakufa zamani. Alikuwa mpishi. Tena alipika chungu kimoja tu kwa mwaka, na kwa chungu hicho kimoja watu walimwogopa kuliko jumbe. Alipenda ugoro. Akinusa anafumba macho, anatulia, halafu: chyaa! Kuku wote mbio.

Chungu chenyewe kiliitwa chungu cha mvua. Mvua ikichelewa, kila nyumba inaleta konzi moja la mtama, yaani ule unaojaa mkononi ukifumba. Unafika, unafumbua mkono, chwaa! Anafuata mwingine, chwaa! Arobaini kamili. Bibi anausaga, anapika uji, kijiji kizima kinakula, ndipo watu wanainua mikono kuomba mvua. Yote hayo siku moja, jua likiwa bado liko juu.

Sasa sikilizeni hapa. Nyumba ikikataliwa konzi lake, nyumba hiyo haina kijiji tena. Watu wake wanafunga mizigo, wanahama. Ndivyo ilivyokuwa mila yao, msiniulize nani aliianzisha.

Basi mwaka mmoja mvua iligoma. Ardhi ikapasuka, mbuzi wakakonda, na vyura walinyamaza mpaka watoto wakasahau sauti zao. Watu wakasema, tupike chungu. Wakaja na makonzi yao. Chwaa! Chwaa! Chwaa!

Akaja mama mmoja akiitwa Sikudhani, na watoto wake wanne nyuma. Akafumbua mkono. Chwaa!

Wakaja wanaume wawili wa nyumba moja, Mkude na Kobelo. Wakafumbua mkono mmoja, maana nyumba ni moja. Chwaa!

Makonzi arobaini yakatimia. Bibi Mwanamvua akanyanyua jiwe la kusagia. Mara akasimama Mzee Pazi. Huyu Mzee Pazi alikuwa mcha Mungu kwelikweli, si wa kuigiza. Akifunga, anafunga. Akitoa, anatoa. Akasema, "Bibi, ngoja. Konzi la Sikudhani siliafiki."

Bibi akaliweka jiwe chini.

"Kwa nini?" Bibi akauliza.

"Sikudhani alitoa mimba. Kila mtu anajua. Uhai ni wa Mungu, na mimi nimefundishwa hivyo tangu utotoni. Nitainuaje mikono kuomba huku tumboni nina mtama wake?"

Na kweli, kila mtu alijua. Sikudhani alipomzaa yule wa nne alitoka damu mpaka mkunga akakata tamaa. Mkunga akamwambia, mwanangu, ukibeba tena hatutakuona. Akabeba tena. Kabla hata hajamwambia mtu, mume akafa kwa homa. Akakaa na watoto wanne na mimba ya tano, akalia siku tatu, ya nne akanywa dawa ya mizizi. Hakumficha mtu.

Sikudhani akasema, "Mzee wangu, mimi sikuja kubishana na Mungu. Nililia mbele zake na bado nalia. Lakini hawa wanne wangelelewa na nani? Na leo ukinitoa, niende nao wapi na jua hili?"

Yule mdogo kabisa, wa nne, alikuwa anamvuta kanga anataka kubebwa. Mzee Pazi akatazama pembeni. Lakini neno lake hakulirudisha.

Akainuka Mzee Kondo. Huyu naye mcha Mungu, na sauti yake nene, akikohoa unadhani ng'ombe kaanguka. Akasema, "Pazi, unakosea! Dada yangu alikufa uzazini. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Angekuwa na dawa hiyo ningemnywesha kwa mkono wangu. Sikudhani aachwe! Konzi la kutolewa ni la hawa wawili, Mkude na Kobelo. Wanaishi kama mke na mume. Nyumba ni ya mwanamume na mwanamke, ndivyo nilivyofundishwa, na mbele za Mungu siwezi kusema vingine!"

Nyie, msinitumbulie macho. Mlitaka hadithi, hadithi ndiyo hii. Mkude na Kobelo walipendana, walilima pamoja, walikula pamoja, na kijiji kizima kilijua na kilijifanya hakijui. Siku hiyo ndipo liliposemwa hadharani.

Mkude akasema taratibu, "Mzee Kondo, miaka kumi na tisa tumeleta konzi letu, na wewe ukala."

"Nilikula nimefumba macho!"

"Basi fumba na leo," Kobelo akasema, na watu wakacheka.

Mzee Pazi akawaka. "Kondo, we! Kobelo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea. Nilipovunjika mguu, nani alinibeba mgongoni? Nani aliezeka paa langu? Ni hao hao wawili. Hawatoki!"

"Basi na Sikudhani hatoki!"

"Anatoka!"

"Na wao wanatoka!"

"Hawatoki!"

Kijiji kikakatika vipande viwili. Huku wanasema toa, kule wanasema acha. Wengine, kama ilivyo kawaida yetu, walisema toa wote tumalize haraka. Na jua linapanda tu.

Bibi Mwanamvua akachukua ugoro. Akanusa. Akafumba macho. Watu wakangoja.

Chyaa!

Kuku mbio.

"Mmesikilizana?" akauliza.

"Hapana, Bibi."

"Mmemaliza?"

"Hapana, Bibi."

"Basi mimi sijui ya mbinguni. Dua ni zenu. Chungu ni changu, na chungu hiki sipiki mpaka makonzi mnayoyakataa yatoke. Haya. Leteni jamvi."

Watu wakatazamana. Jamvi likatandikwa. Bibi akainamisha chungu, akamimina mtama wote. Shwaaaa! Makonzi arobaini, kilima kizima. Akaleta vigoda viwili na nyungo mbili.

"Mzee Pazi, kaa. Toa punje za Sikudhani. Mzee Kondo, kaa. Toa za Mkude na Kobelo. Lakini angalieni, msitoe punje ya mtu asiye na kosa. Mkitoa punje yake, na nyumba yake itahama. Mila ni mila."

Hapo ndipo wazee wawili walipogundua walichokifanya. Wangesema mapema, konzi likiwa bado mkononi! Lakini kila mmoja alisubiri kwanza makonzi arobaini yatimie, asije akalaumiwa kwa kupunguza chungu. Sasa wakae wachague.

Wakakaa. Mzee Pazi akafikiri, akatabasamu. "Shamba la Sikudhani liko bondeni, kwenye unyevu. Punje zake ni nene." Akaanza. Nene, tii, kwenye ungo. Nene, tii, kwenye ungo.

"Weee!" Mzee Kondo akaruka. "Hiyo nene ni yangu! Na mimi nalima bondeni, shamba langu limepakana na lake! Unataka nihame?"

"Utaijuaje kama ni yako?"

"Na wewe utaijuaje kama ni yake?"

Mzee Pazi akaishika ile punje juani, akaigeuza, akainusa. Ilinuka mtama.

Mzee Kondo naye akafikiri, akatabasamu. "Mimi yangu rahisi. Mkude na Kobelo wanalima mtama mwekundu." Nyekundu, tii. Nyekundu, tii. Nyekundu, tii. Ungo ukajaa. Akaendelea. Ungo ukamwagika. Akasimamisha mkono.

"Mbona nyekundu ni nyingi hivi? Konzi si moja?"

Hapo mke wa Mzee Pazi, Bi Tabu, akaangua kicheko. Mama huyo alikuwa akicheka hawezi kusimama. Akashika bega la jirani. "Jamani, mmesahau mwaka wa nzige? Nzige walipokula kila kitu, nani alibaki na mbegu? Si Mkude na Kobelo! Walizificha kwenye vibuyu wakaziba kwa nta. Sote tuliomba kwao. Mtama wangu mwekundu huo! Mtama wa Mzee Kondo mwekundu huo! Nyekundu zote toeni, tuhame kijiji kizima, tumwachie Bibi jiwe lake!"

Watu wakacheka, wakapigana mabega. Hata Kobelo alicheka. Lakini wazee wawili hawakucheka. Walikuwa wakaidi, na ukaidi ukichanganyika na aibu haufungui mdomo. Wakaendelea kuchagua. Huyu nene, tii. Huyu nyekundu, tii. Nene, tii. Nyekundu, tii. Jua likavuka utosi. Watoto wa Sikudhani walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ukuta kwa njaa. Sikudhani alikuwa ameshafunga mzigo wake mmoja, mkeka na sufuria, na alikuwa ameukalia akingoja neno.

Mwisho, nyungo zikanyamaza. Nene zote zilikuwa zimetoka. Nyekundu zote zilikuwa zimetoka. Bibi Mwanamvua akajikokota mpaka kwenye jamvi, akainama, akaangalia kilichobaki. Makapi. Vumbi. Na kijiwe kimoja, chenye ukubwa wa jino.

Akakiokota. "Haya," akasema. "Hiki ndicho kisichokuwa cha mtu. Nipike hiki?"

Wazee wakakitazama.

Bibi akakaa chini kati ya wale wazee wawili, akakiweka kile kijiwe kiganjani mwa Pazi. Hakupaza sauti. "Pazi, Kobelo unamhurumia kwa sababu alikubeba mgongoni. Kondo, Sikudhani unamhurumia kwa sababu ulimshika dada yako kichwa. Kila mmoja wenu amemsamehe yule aliyemsikia akilia. Yule mwingine hamjamsikia bado. Hilo tu ndilo lililowagombanisha asubuhi yote."

Mzee Pazi akakigeuzageuza kile kijiwe. Kisha akasema, "Bibi, sitakudanganya. Bado nasema lile lilikuwa kosa."

"Sema. Mungu anakusikia, na mdomo ni wako."

"Na mimi," Mzee Kondo akasema, "nilichofundishwa sijakisahau."

"Usikisahau. Sikukuambia usahau. Nimekuuliza kama nipike."

Wazee wakatazamana juu ya lile jamvi. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea upande wa pili. Mzee Pazi akanyanyua ungo wake, akaumwaga chunguni. Shwaa! Mzee Kondo akanyanyua wake, akaumwaga. Shwaa! Watu wakapiga vigelegele mpaka wale watoto wakaamka.

Uji ukapikwa. Ulikuwa na mchanga kidogo, kwa sababu ya lile jamvi, lakini nani alijali? Ulipoiva, Mzee Pazi akachukua kata, akateka wa kwanza kabisa, akauweka kwenye bakuli la yule mdogo wa Sikudhani, yule wa nne. Akaupuliza ili usimchome. Sikudhani akaufungua mzigo wake, akatoa sufuria, akaipeleka ijazwe. Na Mzee Kondo alikaa akala karibu na Mkude. Karibu kiasi, si sana. Tuseme mkono mmoja katikati.

Wakaomba. Mnadhani mvua ilinyesha palepale? Thubutu! Ilinyesha baada ya siku tisa, tena manyunyu. Lakini waliipokea wakiwa nyumba arobaini.

Bibi Mwanamvua alikufa akiwa mzee sana, katikati ya chafya, wanasema. Lakini kigoda kimoja na ungo mmoja vilibaki pembeni ya chungu. Miaka ikapita. Ikatokea siku ya chungu, kijana mmoja mcha Mungu, mkali kama pilipili, akasimama akasema, "Konzi la fulani silitaki!" Fulani alikuwa nani na alifanya nini, wamesahau, na mimi sitawatungia.

Mzee mmoja mkongwe akainuka, akitembea kwa fimbo, meno yamebaki mawili. Alikuwa Mzee Pazi. Akakivuta kile kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Akaweka ungo juu yake.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Chagua. Mimi nilianza asubuhi."

Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la shuka yake, akatoa kitu kilichofungwa fundo, akalifungua fundo polepole. Kilikuwa kile kijiwe.

"Nikapata hiki," akasema.

Yule kijana akakitazama kijiwe. Akakitazama kigoda. Akarudi kuketi na wenzake, na chungu kikapikwa.

Basi wajukuu zangu, funzo ni hili: imani yako ishike, hakuna anayekunyang'anya. Lakini kabla hujamtoa mtu kwenye chungu, kaa kwanza umsikie akilia. Mimi hadithi yangu imefika ukingoni, uji umekwisha chunguni, na huyu mwenye muhogo naona hata mimi hakunibakizia.