Mturituri na Mzee Asiyetaka Kusalimia

Nianze? Anza!
Niseme? Sema!
Basi tulieni, msinikatize kama jana.

Hapo kale, mimea ilipokuwa ikisema, alikuwako mganga, Bi Nyamvula, na mumewe, Mzee Mwero. Mjukuu wao Mwatime alikohoa siku tatu, hata pumzi ikawa inampotea. Bibi alimpakata, hakuthubutu kumweka chini.

"Baba Mbodze," alimwambia mumewe, "nenda bondeni, uniletee majani ya mturituri, ule uliouparamia mkwaju. Mbegu zake nyekundu usiziguse, ni sumu. Na usichume kabla hujausalimia na kuutajia jina la mgonjwa."

"Mimi nisalimie majani? Kwani nina wazimu?"

"Nenda!"

Akaenda. Mturituri ukauliza, "Nani mgonjwa?" Mzee kimya, ananyoosha mkono tu. Mturituri ukapanda juu. Akarudi mikono mitupu.

"Umesalimia?"

"Nimesahau."

Yarabi toba! Kusahau! "Rudi!"

Akaenda. "Nani mgonjwa?" Kimya. Mturituri ukapanda juu zaidi. Akarudi tena mikono mitupu.

"Umesalimia?"

"Palikuwa na watu wanapita."

"Mtoto anakata roho, wewe waona haya watu! Rudi!"

Mara ya tatu alichukua panga, akaukata shinani. Ukaanguka, majani yakakauka papo hapo. Akamletea mkewe mzigo mkavu begani, tena anatabasamu.

Jamani, Bi Nyamvula alichoka. Alichoka! Alimfunga Mwatime mgongoni, akamburura mume hadi mkwajuni. Akasalimia yeye.

"Sisemi nawe," shina likajibu. "Aseme aliyenikata. Nani mgonjwa?"

Mzee Mwero akapiga magoti. "Shikamoo. Ni Mwatime, mjukuu wangu. Sikutaka kulitaja jina lake. Naogopa nikisema anaumwa, atakufa."

Machozi yakamtoka. Pale shinani yakachipuka majani mabichi. Bibi akayachuma, Mwatime akayatafuna, kifua kikatulia, akalala.

"Miaka arobaini nyumba moja!" Bi Nyamvula akafoka. "Kwa nini hukuniambia kwamba unaogopa?"

"Ningekuambia saa ngapi, Mama Mbodze? Kila nikifungua mdomo, wewe wanituma."

Bi Nyamvula akaketi kando yake. "Haya, sema sasa."

Funzo ni hilo: ukiogopa, sema kabla hujashika panga. Na anayetuma watu, asikilize pia.

Hadithi yangu naitua hapa. Nawe uliyekuwa ukikoroma, usinijie asubuhi kuniuliza ilianzaje.