Mkono wa Namkunda

"Huruma hupinda mfupa." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkakunja nyuso. Ni neno kali, sikatai. Lakini msimlaumu kabla hamjajua lilikotoka.

Huko milimani Upare palikuwa na mfinyanzi aliyeitwa Nakijwa. Vyungu vyake vilikaa sawa hata juu ya mafiga mabovu. Alikuwa na binti mmoja tu, Namkunda, na kazi ya udongo kule binti huirithi kwa mama. Siku moja, wakishuka bondeni kuchimba udongo, mtoto aliteleza, akaangukia jiwe, mkono wa kulia ukavunjika.

Akaitwa Mzee Mkwizu, fundi wa kuunga mifupa. Aliunyoosha mkono, akauzungushia vijiti vya mwanzi, akavikaza kwa kamba za mgomba.

"Usiziguse mpaka nirudi," alimwambia Nakijwa. "Atalia. Mwache alie."

Mtoto akalia kweli, hali chakula, hanyamazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nakijwa akalegeza kamba kidogo, Namkunda akapata usingizi. Kesho yake akalegeza tena. Msimcheke, ninyi wenyewe mtoto wa jirani akilia mnahama kibaraza.

Mzee Mkwizu aliporudi, alifungua vijiti, akaupapasa mkono.

"Mfupa umeunga upande," alisema. "Lakini bado mchanga. Niuvunje leo, niunyooshe upya."

"Uuvunje? Mwanangu huyu?"

"Mama, chungu kikipinda kingali kibichi, si unakibomoa ukaanza tena?"

"Chungu hakilii, baba."

Mzee alimtazama mtoto, kisha mama. "Basi. Ukikomaa usiniite, sitakuwa na la kufanya."

Hakuitwa.

Namkunda alikua na mkono ule ule. Udongo ulimshinda. Kila chungu alichofinyanga kilielemea upande, na kikifika motoni kinapasuka. Nakijwa alipoishiwa nguvu, pale walipokuwa wakichomea vyungu paliota majani, wakawa watu wa kulima mashamba ya wengine ili wale. Binti hakuwahi kumlaumu mama yake hata kwa neno moja, na ukimya huo ulimtafuna Nakijwa kuliko matusi.

Miaka ikapita. Namkunda akazaa, na mwanawe naye akavunjika mguu. Vijiti vikafungwa, mtoto akapiga mayowe. Bibi Nakijwa, machozi yakimtoka, akapeleka vidole kwenye kamba.

Namkunda akamshika mama yake kwa mkono wake uliopinda.

"Mama, niachie mwanangu. Huruma hupinda mfupa."

Bibi akatoka nje, akaketi peke yake. Tangu siku ile hakula vizuri wala hakusema sana, na alifariki kabla kamba hazijafunguliwa. Mjukuu alisimama wima kwa miguu yake yote miwili, bibi hayupo kumwona. Namkunda alimlilia mama yake kuliko watu wote.

Kwa hiyo msidhani neno hili lilitoka kwa mtu katili. Lilisemwa na binti aliyependwa mno na mama yake: huruma hupinda mfupa.